Mkono wa Kufunga Mkutano

Kila mwaka matufaha yakishachumwa, natengeneza pipa moja ambalo siliuzi. Nalijaza matufaha, nalipeleka bandarini, linavuka ziwa mpaka Ohio, kwa wanawake wa Pennock. Mwenye meli aliwahi kuniuliza kama nina ndugu kule. Nikamwambia ninao, wengi tu, na karibu wote ni weupe kuliko unga. Akacheka. Sikuwa natania.

Mimi ni Enos Pettiford, fundi mapipa. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyokuwa. Nilizaliwa huru. Mke wangu Keziah hakuzaliwa huru. Alitoroka Kentucky kabla hatujaonana, akavuka mto, akafika Pennock na gauni moja. Tukaoana. Miaka ikapita, tukawa tumejisahau, mpaka ikaja ile sheria mpya iliyomruhusu mwenye mtumwa kumfuata popote, hata Ohio, na kumrudisha kamba mkononi, na serikali ikimsaidia kufunga fundo.

Pennock ulikuwa mji wa Marafiki, wale Wakristo wanaosali kimya bila mchungaji. Wanaume wao hawavui kofia mbele ya mtu yeyote, hata jaji. Wanawake wao wote huvaa gauni la kijivu na kofia ya kitambaa yenye ukingo mrefu mbele, kiasi kwamba ukitaka kujua unaongea na nani lazima uiname uchungulie kama unaangalia kisimani. Ni watu wema. Lakini nisiwapake asali. Sisi weusi tulipoenda kusali nao tulikaa benchi la nyuma, chini ya ngazi, na hakuna aliyetuambia tukae pale, na hakuna aliyetuambia tuondoke pale. Wanaume wao walichukia utumwa kwa utaratibu. Walikaa, wakatafakari, wakaahirisha.

Wanawake hawakuahirisha. Rhoda Ballinger, mjane mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa akizunguka vijiji vyote akihutubia kwenye maghala ya nafaka. Alikuwa akifuatana na Sarepta Goins, fundi cherehani, wa kwetu, mweusi kama mimi, mdomo kama mkasi wake. Rhoda alisema juu ya minyororo ya Kusini. Sarepta alisimama baada yake akasema juu ya mwanamke wa hapo hapo Ohio anayeshona mchana kutwa halafu sheria inasema ujira ni wa mumewe, hata mume mwenyewe akiwa amelala kwenye mtaro amelewa. Alikuwa anamsema mumewe. Watu waliwatupia mayai. Walikuwa wakirudi, wanakaa karakanani kwangu, wanasugua madoa kwa maji ya moto.

"Leo yalikuwa mabichi," Sarepta aliniambia siku moja. "Wametuheshimu."

"Mngenyamaza mngekuwa wasafi," nikamjibu.

"Shemeji, wewe mbona unanyamaza na bado mchafu?"

Keziah akacheka mpaka akashika meza.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya wiki, siku ya mkutano wa mwezi wa Marafiki. Mahindi yalikuwa marefu bado shambani. Keziah alikuwa anaanika nguo. Sarepta akaja anakimbia, na Sarepta hakuwa mtu wa kukimbia.

"Keziah, vua aproni. Kuna mtu pale hotelini anaitwa Strother, kutoka Kentucky. Ana hati, ana mwenzake, na ameuliza jina lako."

Nikatazama uso wa mke wangu. Sitaki kuueleza. Nikasema nitafunga farasi, tukimbie sasa hivi.

"Ukimbie na gari lenye mapipa?" Sarepta akaniuliza. "Barabara ya ziwani watu aliowakodi wanaitazama tangu alfajiri. Rhoda amesema mlete mkutanoni."

"Mkutanoni! Nimpeleke mke wangu kwenye nyumba yenye milango miwili, nimkalishe kwenye benchi, nimngoje Strother?"

"Upande wa wanawake, Enos."

"Na upande wa wanawake una nini? Mizinga?"

"Una wanawake," akasema. "Fanya haraka."

Keziah akachukua mtandio wake wa manjano kutoka kwenye kamba. Nilimnunulia mimi, na ulikuwa unaonekana kutoka upande wa pili wa mji. Nikamwambia auache. Sarepta akasema, "Hapana, avae. Tena auvae vizuri." Nilidhani amechanganyikiwa.

Lazima nieleze nyumba ile, la sivyo hutaelewa. Ni nyumba moja kubwa, nusu ya wanaume, nusu ya wanawake, kila nusu na mlango wake. Katikati kuna kiwambo cha mbao kinachopandishwa na kushushwa kwa kamba. Wakati wa kusali kiwambo kiko juu, wote wanakaa kimya pamoja. Wakianza shughuli za mwezi kinashushwa, wanawake wanafanya mkutano wao, wanaume wao. Kikishashuka, mwanamume haingii upande ule, awe mzee wa mkutano, awe mume wa mtu. Na mkutano wa Marafiki hauna kengele wala amina. Unaisha pale tu wazee wawili walioketi benchi la mbele wanapogeukiana na kupeana mkono. Kabla ya hapo haujaisha, hata nyumba ikiungua.

Tuliingia. Keziah akapita mlango wa wanawake pamoja na Sarepta, ambaye siku hiyo alikuwa amevaa gauni la kijivu na kofia ya Marafiki. Nikashangaa kidogo, lakini sikuwa na nafasi ya kushangaa zaidi. Mimi nikaenda kwenye benchi langu chini ya ngazi. Tukakaa kimya. Kisha kiwambo kikashushwa, na sikumwona mke wangu tena.

Mzee wa mkutano upande wetu aliitwa Amos Thornburgh, mwenye kinu. Alikuwa anasoma mambo ya uzio wa makaburi pale mlango ulipofunguliwa akaingia sherifu wa wilaya, Lyman Tuttle, na nyuma yake mtu mwenye buti zinazong'aa. Ndiye Strother. Mwenzake alibaki nje.

"Tunamtaka mwanamke anayeitwa Keziah," Strother akasema. "Mali ya Bwana Haskew wa Kentucky. Nina hati."

Amos akamtazama kwa upole kama anamwangalia mtu aliyeingia na kuku.

"Yuko huko nyuma ya mbao," Strother akasema. "Nimemwona dirishani. Mtandio wa manjano. Sherifu, fungua."

Sherifu Tuttle hakusogea. Mwili wake wote ulikuwa na haya. Huyu mtu alizaliwa na Marafiki, akafukuzwa kundini kwa kuoa mwanamke wa nje na kuvaa bastola. Alijikuna shingo.

"Kiwambo kimeshuka, Bwana Strother."

"Naona kimeshuka. Kipandishe."

"Kikiwa chini mwanamume haendi upande ule."

"Sheria gani hiyo?"

"Si sheria. Mama yangu yumo humo ndani."

Mtu mmoja akakohoa. Nadhani alikuwa anacheka, lakini Marafiki hukohoa.

"Sikiliza," sherifu akasema. "Ukivunja mlango wa kina mama wanaosali, kuna wakulima kwenye mashamba haya yote, na mimi niko peke yangu. Sitaweza kukutoa wilaya hii ukiwa mzima. Lakini mkutano una mwisho. Watapeana mkono, kiwambo kitapanda, watatoka. Akitoka, hati yako itafanya kazi, na mimi sitakuzuia. Mlango ni mmoja, dirisha unaliona. Atakwenda wapi?"

Strother akafikiri. Akatoa kitambaa akafuta buti. "Mikutano yenu huchukua muda gani?"

"Huwa inakwisha kabla ya chakula cha mchana," sherifu akasema, na sijui mpaka leo kama alisema kwa ujinga au kwa makusudi.

Strother akakubali. Akatoka kwenda kukaa penye dirisha la wanawake.

Mimi nilibaki kwenye benchi. Mtu akikuambia kwamba kungoja si kazi, mlete kwangu. Nilikuwa na mikono inayoweza kukunja pete ya chuma, na sikuwa na cha kukunja. Ningesimama, mwenzake Strother angenifuata. Ningelia, Strother angefurahi. Nikakaa. Kutoka upande wa pili sikusikia hata mguno. Wanawake wote wale, kimya.

Kupitia mlango wetu ulioachwa wazi niliona njia ya choo. Choo chao kilikuwa nyuma, pembeni kabisa mwa shamba la mahindi. Kina mama walianza kwenda, wawili wawili, wameshikana mikono, kofia zimeinamishwa. Wawili wanakwenda, wanakawia kidogo, wawili wanarudi. Kisha wengine.

"Mbona wanakwenda choo sana?" Strother akauliza huko nje.

"Wengine ni wazee," sherifu akasema.

"Mwambie mtu wangu akasimame pale."

"Mwambie wewe. Mimi sisimami mlangoni pa choo cha kina mama. Mama yangu atanichapa mbele yako."

Yule mwenzake Strother akajaribu kusogea. Akatoka bibi mmoja mnene, akasimama mbele yake, akamuuliza kwa upole, "Rafiki, unaumwa tumbo? Ngoja nikuitie mtu." Jamaa akarudi penye farasi, masikio mekundu.

Strother akachungulia dirishani tena. "Bado yupo," akasema kwa sauti ili nisikie. "Mtandio ule pale."

Nililaani siku niliyoununua.

Jua likapanda, likasimama juu, likaanza kuteremka. Upande wetu uzio wa makaburi uliisha, na barabara ikaisha, na habari za mtu aliyeoa bila ruhusa zikaisha. Matumbo yakaanza kuongea kuliko watu. Amos Thornburgh akamgeukia mzee mwenzake, wakapeana mkono. Upande wa wanaume ukawa umefungwa. Amos akanyanyuka, akaenda penye kiwambo, akagonga kwa kifundo cha kidole.

"Rafiki Rhoda. Sisi tumemaliza."

"Tunafurahi kwa ajili yenu," sauti ya Rhoda ikajibu.

"Tupandishe mbao?"

"Sisi hatujamaliza."

Amos akashika kamba, akaiachia. "Mkutano wa wanawake haujawahi kuendelea baada ya wa wanaume. Mambo yenu huletwa kwetu tukayathibitisha, halafu tunafunga pamoja. Ndivyo ilivyo."

"Leo tunajithibitisha wenyewe, Rafiki Amos."

Wanaume wakatazamana. Mimi niliinua kichwa.

"Hili ni jambo la fujo," Amos akasema, na sauti yake ilianza kupanda. "Tunapinga utumwa, wote tunajua. Lakini kwa utaratibu. Hatuwezi kuwafanya watu wa sheria wangoje nje mpaka jioni. Rhoda, napandisha."

Akaikamata kamba kwa mikono miwili. Na nitasema ukweli, nilisimama. Sikujua nitafanya nini. Yule mzee alikuwa amenipa kazi ya kwanza niliyopata Pennock, na nilikuwa tayari kumbeba kama gunia na kumweka nje.

Haikuhitajika. Kutoka nyuma ya mbao ilikuja sauti nyingine, ndogo, inatetemeka. Ilikuwa ya Phebe, mke wake. Phebe Thornburgh hakuwahi kusema neno mkutanoni tangu nimfahamu. Watu walidhani ni bubu kidogo.

"Amos," akasema, "achia kamba ukae chini."

Amos akageukia mbao.

"Phebe?"

"Nimekupikia chakula cha mchana kila siku tangu tuoane. Leo utangoja. Kaa."

Akakaa. Naapa alikaa, hata kofia yake ilionekana ndogo. Na sherifu, pale mlangoni, aligeuka akatazama mahindi kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika.

Tukakaa tena. Ng'ombe wa watu wakaanza kulia mashambani, wanataka kukamuliwa. Strother aliingia, akatoka, akaingia, akamtukana sherifu, akarudi dirishani. Bado aliuona mtandio. Ndicho kilichomtuliza. Mtandio ulikuwa pale, mgongo umemgeukia, hausogei.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika barabarani pale kamba ziliposikika zinalia. Hatukuzishika sisi. Kiwambo kilipanda, kikivutwa kutoka upande wao.

Nikaona kofia za kijivu, safu kwa safu, zote zimetulia. Kwenye benchi la mbele, lile la wazee, alikaa Rhoda Ballinger. Na karibu naye, mahali ambapo mtu wa kwetu hakuwahi kukaa tangu nyumba ile ijengwe, alikaa mwanamke mweusi mwenye mtandio wa manjano, amelipa dirisha mgongo, mtandio umemfunika mpaka usoni.

Wamemweka mbele, nikasema moyoni. Wamemweka mbele kabisa ili akamatwe vizuri.

Rhoda akamgeukia. Akampa mkono. Yule mwanamke akaupokea, akautikisa mara moja, kwa nguvu. Mkutano ukafungwa.

"Sasa!" Strother akapiga kelele, akarukia mlango wa wanawake, akapita katikati ya mabenchi akamshika bega. "Nimekupata!"

Mwanamke akageuka.

"Umenipata," Sarepta Goins akasema. "Sasa unanipeleka wapi? Nina nguo za watu sijamaliza."

Strother akamwangalia. Akamtazama sherifu. "Ndiye huyu?"

"Huyo?" sherifu akasema. Alishika ukosi wake. "Huyo ndiye aliyenishonea shati hili. Amezaliwa mtaa wa pili kutoka kwa mama. Mwachie bega, Bwana, kabla hajakushtaki. Anajua kushtaki."

"Yule mwingine yuko wapi?"

Rhoda akasimama, na aliposimama Strother alilazimika kuinua kidevu. "Rafiki, ulikubali kungoja mkutano uishe. Umeisha. Nenda salama."

Nilivyokuja kujua ni hivi. Kiwambo kiliposhuka tu, Keziah alimpa Sarepta gauni lake na mtandio, Sarepta akampa Keziah gauni na kofia ya kijivu, na glavu za kuficha mikono. Kina mama wakamzunguka wakati wakibadilishana, dirishani hapakuonekana kitu ila migongo. Kisha Keziah akashikwa mkono na mama yake sherifu, naam, mama yake mwenyewe, wakaenda choo polepole, kama bibi na mkwewe, wakipita mbele ya mwanawe. Nyuma ya choo Keziah akaingia kwenye mahindi. Kutoka kwenye mahindi akatoka Hulda, mtengeneza jibini, kofia ya kijivu kama ile ile, akashika mkono wa yule bibi, wakarudi wawili. Upande wa pili wa shamba binti yake Hulda alikuwa anangoja na mkokoteni wa jibini. Barabarani watu wa Strother waliusimamisha. Hakuna anayependa kupekua jibini la siku nyingi kwenye jua. Safari nyingine zote za choo zilikuwa za kumzoesha mtu macho. Na saa zote zile za kukaa kimya zilikuwa za kuupa mkokoteni muda wa kufika mbali.

Nilitoka nje. Niliwakuta Rhoda na Sarepta penye gari langu. Nikavua kofia.

"Usituvulie kofia," Rhoda akasema. "Sisi tulikaa tu."

"Usimsikilize," Sarepta akasema. "Mshukuru yeye kidogo, mimi unishukuru sana. Yeye alikuwa amekalia mto laini. Mimi mgongo umekufa, shingo imekufa, na mtandio wako huu unawasha kama upupu. Uliununua wapi?"

Nikalia. Mtu mzima, mchana kweupe, mbele ya Marafiki wote. Sarepta akanifunga ule mtandio shingoni, akanipiga mgongo. "Nenda, shemeji. Strother atafuata njia ya ziwani. Wewe pitia kwa Hulda, atakuonyesha. Na usiendeshe kama mtu anayekimbia."

Amos Thornburgh alikuwa amesimama pembeni. Alikuja, akaweka mfuko wa unga garini bila kunitazama. "Kwa safari," akasema. Kisha akasema, "Yule mke wangu," akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakumaliza. Nadhani mpaka leo hajamaliza.

Nilimkuta Keziah ng'ambo, Kanada, kwenye nyumba ya mwashi mmoja wa kwetu karibu na maji. Alikuwa ameketi kizingitini, bado na kofia ya kijivu, amevua glavu akaziweka magotini. Aliponiona hakukimbia. Alisimama tu, akanitazama ule mtandio shingoni.

"Unaonekana mjinga," akasema.

"Najua."

"Walifunga?"

"Walifunga. Sarepta ndiye aliyepewa mkono."

Machozi yakamtiririka. Kisha akasema, "Mimi niliondoka katikati. Sijafunga. Nimekaa hapa najiona bado niko mkutanoni."

Akaninyooshea mkono, moja kwa moja, kama wazee wa benchi la mbele. Nikaupokea. Akautikisa mara moja. Ndipo akavua kofia.